Mkono Mmoja na Mchezo wa Televisheni



Karani wa parokia ni mtu wa daftari. Kazi yangu ni kuandika majina ya waliobatizwa, ya waliofunga ndoa na ya waliozikwa, kupokea zaka na kutoa stakabadhi. Sikutazamia hata siku moja kwamba nitashika kalamu kuandika habari za mchezo wa televisheni. Tena najua wazazi wengi hawapendi kusikia neno hilo. Mtoto akishika simu hasikii akiitwa, uji wapoa mbele yake, na daftari la hesabu labaki jeupe. Mimi pia ni mzazi, na simu nimenyang'anya mara nyingi. Lakini jambo lililotokea nyumbani kwangu mwaka jana lanilazimu kulieleza, maana ndani yake mna kosa langu. Na kilicholifichua kosa hilo ni kidude cha plastiki kinachoenea katika kiganja cha mkono.

Baba yangu ni fundi redio. Kwa miaka zaidi ya arobaini alikuwa na kibanda chake kando ya soko, na watu walisema kwamba redio ikimshinda mzee yule, basi heri uigeuze kiota cha kuku. Kwa kazi hiyo alinilisha, akanivika, akanipeleka chuo cha ualimu. Nilimaliza chuo na cheti nikapata, ila kazi sikupata. Nilingoja ajira miaka mitano, nikifundisha hapa na pale kwa posho, hata Paroko aliponiita nikawe karani wake. Baba hakunilaumu. Lakini alitamani sana nirithi meza yake ya kazi, na mimi sikuitaka.

Miaka mitatu iliyopita alipatwa na kiharusi. Mguu ulipata nafuu, akaweza kutembea kwa fimbo. Maneno yalirudi, ingawa polepole. Mkono wa kulia haukurudi. Fikirini wenyewe: fundi asiye na mkono wa kulia! Alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akanyamaza. Chakula alitaka kula peke yake, kwa sababu mkono wa kushoto ulimwaga mchuzi, naye hakutaka wajukuu waone. Mwanangu wa kwanza, mwenye umri wa miaka kumi, alimwogopa. Alisema "Shikamoo, Babu" akiwa mlangoni, na kabla ya "Marahaba" alikuwa amekwisha kimbia.

Kile kibanda kilifungwa. Mwaka jana alikuja mtu, wakala wa kutuma na kupokea fedha kwa simu, akataka kukipanga. Kodi aliyotaja ilikuwa nzuri, nasi tulikuwa na dawa za Baba za kununua na michango ya shule. Nikakubali. Vyombo vya Baba nikavitia katika magunia mawili, nikapatana na mnunuzi wa vyuma chakavu aje mwisho wa mwezi. Baba sikumwambia. Nilijidanganya kwamba namwepusha na uchungu. Kweli yenyewe ni kwamba naliogopa uso wake.

Mambo yalikuwa hivyo Paroko aliponituma nisafishe stoo ya parokia na kuandika orodha ya mali iliyomo. Chini kabisa, nyuma ya viti vibovu, nilikuta sanduku la karatasi ngumu lililoachwa na mmisionari mmoja aliyerudi kwao Ulaya zamani. Ndani yake mlikuwa na mtambo mweusi wenye urembo kama wa mbao mbele, umeandikwa Atari. Palikuwa na kaseti tatu za mchezo, fimbo moja ya kuchezea iliyovunjika shingo, na vidude viwili vya mviringo vilivyounganishwa kwa waya mmoja. Kila kimoja kilikuwa na kitufe ubavuni na juu yake gurudumu dogo la kuzungusha. Nilimwonyesha Paroko. Akasema, "Karani, kakijaribu nyumbani. Kikiwa kizima, kirudi kiwe cha watoto wa parokia. Kikiwa kibovu, kitupe."

Walioviunda vidude hivyo waliviita padeli. Si zile pedeli za baiskeli. Ni jina ambalo Wamarekani hulitumia kwa kibao cha kupigia mpira wa meza. Mimi nitaviita vizungushio, ili tuelewane.

Nyumbani tulikuta kwamba waya wa umeme wa mtambo haumo. Nikasema basi, habari imekwisha. Mwanangu akasoma maandishi yaliyo kwenye mtambo: volti tisa. Tulikuwa tukizungumza sebuleni, na Baba yuko kitini pake, uso umeelekea dirishani. Hakugeuka. Alisema neno moja tu: "Mawe."

Vijana wa siku hizi pengine hawajui kwamba wazee huita betri za tochi mawe. Jiwe moja lina volti moja na nusu. Mawe sita yakipangwa mstari mmoja ni volti tisa kamili. Nilishangaa nafsi yangu, mimi mwalimu wa hesabu, nisilione jambo hilo. Mtoto akatumwa dukani. Tuliyapanga mawe ndani ya bomba la karatasi tulilolikunja, Baba akituelekeza kwa neno mojamoja, upande wa kujumlisha uende wapi na wa kutoa uende wapi. Televisheni ilikuwa ile yake ya zamani, ya chogo, ambayo tangu matangazo yalipohamia kwenye ving'amuzi ilikuwa imebaki meza ya kuwekea taa. Tukachomeka waya wa mtambo mahali pa antena, mtoto akaanza kutafuta stesheni. Chenga tupu. Akazungusha, chenga. "Polepole," alisema Baba. "Umepita. Rudi." Mara kioo kikatulia, tukaona uwanja, na vibao viwili, kimoja kila upande, na kidoa cha mraba kikirukaruka katikati. Hicho ndicho mpira.

Mchezo wenyewe hauhitaji mwalimu. Ukizungusha gurudumu huku, kibao chako chapanda; ukizungusha kule, chashuka. Mpira ukija, uupige. Ukikupita, mwenzako apata alama moja. Wa kwanza kufikisha alama 21 ndiye mshindi. Mimi na mwanangu tulianza kucheza. Lakini kibao changu kilikuwa na ugonjwa. Hata nilipoacha kuzungusha, kilitetemeka juu na chini kama mtu mwenye homa ya malaria, na mpira ulipofika kiliruka mbali nao. Nikafungwa. Nikafungwa tena. Nikasema mtambo umekufa, tuutupe.

Hapo Baba aligeuza kiti. Alitazama kioo kwa muda, akamtazama mtoto, akasema maneno mengi kuliko yote niliyoyasikia kwake mwezi ule: "Mtambo ni mzima. Hiyo ni voliumu ya redio, na ina vumbi. Bwana mdogo, nenda kibandani, rafu ya juu, mkono wa kushoto, pana kopo la maziwa. Niletee bisibisi ndogo ya nyota."

Mtoto alinitazama mimi, maana ufunguo ulikuwa kwangu. Nikasema, "Sasa ni usiku, Baba. Kesho."

Usiku ule sikulala vizuri. Alfajiri nilikwenda kibandani peke yangu, nikafungua gunia la kwanza, nikaanza kupekua nikitafuta lile kopo. Kumbe mwanangu alinifuata. Alisimama mlangoni akauliza, "Baba, mbona vitu vya Babu vimo guniani?" Sikumjibu. Akauliza tena, "Babu anajua?" Nikasema, "Hajui." Mtoto hakusema zaidi, wala haikuhitajika.

Tulirudi nyumbani. Niliketi chini, karibu na kiti cha Baba, nikamwamkia, nikamweleza yote: wakala, kodi, magunia, mnunuzi wa vyuma chakavu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huyo mwenye vyuma anakuja lini?"

"Mwisho wa mwezi, Baba."

"Basi tuna siku kumi na mbili. Mpe mtoto bisibisi."

Wapenzi, mimi naliona haya kuliko kama angenigombeza.

Sasa nieleze kidogo jinsi kizungushio kinavyofanya kazi, maana hapo ndipo penye utamu. Baba alikibana katikati ya magoti kwa sababu mkono mmoja hautoshi kushika na kufungua. Mtoto akafungua skrubu. Ndani hamna mengi. Mna kile kitufe cha ubavuni, na kidude cha bati chenye ufito, ndicho kile kile kinachoongeza na kupunguza sauti katika redio. Kinafungwa kwa masikio madogo ya bati. "Yainue taratibu," alisema Baba. "Ukilivunja moja, hakuna jingine." Ndani ya bati mna ukanda mweusi wa kaboni uliopindwa kama mwezi mchanga, na ulimi mdogo wa chuma unaoteleza juu yake. Umeme ukipita katika kaboni kwa njia ndefu, wapungua nguvu. Ukipita njia fupi, waja kwa wingi. Basi ni hivyo tu. Ndiyo sababu kizungushio hicho hakizunguki bila mwisho, bali kina ukomo huku na ukomo kule, kama cha redio.

Nilisoma katika intaneti, kwa simu ya ofisini, namna mtambo unavyotambua mahali ulimi ulipo. Ndani yake mna kitu kidogo kinachotunza umeme, kama ndoo itunzavyo maji. Umeme wapitia kwenye kizungushio ukaijaze ndoo hiyo. Wakati huohuo televisheni yachora picha yake mstari baada ya mstari, kutoka juu kwenda chini, na programu yahesabu mistari mingapi imechorwa hata ndoo ikajaa. Mistari ikiwa michache, kibao kinawekwa mahali fulani. Ikiwa mingi, mahali pengine. Nilipomsomea Baba, alitikisa kichwa akasema, "Basi vumbi ni kama bomba linalokohoa hewa. Leo ndoo yajaa upesi, mara yachelewa. Kibao chaona kizunguzungu." Mimi nimepita chuoni kujifunza kufundisha, lakini mfano ule sikuupata mimi.

Tuliomba spiriti na pamba zahanati. Mtoto alipangusa ule ukanda, mara tatu, Baba akimwambia asikwaruze. Akakunja masikio, akafunga skrubu, akazungusha huku na huku mara ishirini kama alivyoamriwa. Tulipowasha, kibao kilitulia kama kisu mezani. Mtoto alipiga kelele, akamrukia Babu yake shingoni. Miaka miwili alikuwa hajamgusa.

Tangu siku ile jioni zetu zikabadilika. Baba alicheza kwa mkono wa kushoto, kizungushio kimebanwa magotini. Fimbo ya kuchezea ingemshinda, maana kwa kawaida yataka mkono mmoja ushike na mwingine usukume. Simu za kioo zilikwisha mshinda zamani, kwa vidole vinavyogusa pasipotakiwa. Kuzungusha gurudumu ni kazi ambayo vidole vyake viliijua kabla mimi sijazaliwa. Mwanzo mtoto alimfunga. Baada ya wiki moja Babu alianza kumfunga mtoto.

Na mimi, kwa kuwa ualimu haujanitoka, nikawa kila jioni nawasimulia nilichosoma juu ya watu walioanzisha michezo hii. Nitawapa na ninyi machache.

Wa kwanza ni Bwana William Higinbotham wa Marekani, mtaalamu katika maabara ya Brookhaven, karibu na New York. Mwaka wa 1958 maabara hiyo ilipotaka kuwaonyesha wageni kazi zake, Bwana huyu aliona kwamba wageni huchoka kutazama vitu vilivyosimama. Akaunda mchezo wa tenisi katika kioo kidogo cha mviringo cha kupimia mikondo ya umeme. Kila mchezaji alikuwa na kizungushio cha kuelekeza mpira na kitufe cha kuupiga. Wageni mamia walipanga mstari kungoja zamu. Tena jueni kwamba mtu huyu, wakati wa vita kuu ya pili, alikuwa ameshiriki kuunda mitambo ya kupimia wakati ya bomu la kwanza la atomu. Baada ya vita alikuwa mmoja wa walioanzisha shirikisho la wanasayansi wa Marekani lililodai silaha hizo zidhibitiwe, na kazi hiyo aliishika maisha yake yote. Mkono uliosaidia kutengeneza bomu ndio uliotengeneza tenisi ya kuchekesha watoto. Baba aliposikia hayo alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mkono haujui kitu. Mwenye mkono ndiye anayejua."

Wa pili alipendwa na Baba kuliko wote. Ni Bwana Ralph Baer, Myahudi aliyezaliwa Ujerumani mwaka wa 1922. Utawala wa Hitler ulimfukuza shule akiwa mtoto kwa sababu ya uzawa wake, na mwaka wa 1938 jamaa yake wakakimbilia Marekani. Huko alifanya kazi kiwandani, akajifunza ufundi wa redio kwa masomo ya posta, akahitimu mwaka wa 1940, akawa anatengeneza redio za watu mjini New York.

"Fundi redio?" aliuliza Baba.

"Ndiyo, Baba. Fundi redio kama wewe."

"Endelea."

Mwaka wa 1966 Bwana Baer, ambaye sasa alikuwa mhandisi katika kampuni ya vyombo vya kijeshi, alikuwa akimngoja mwenzake nje ya kituo cha mabasi mjini New York. Akawaza: nchi hii ina televisheni mamilioni, na watu huzitazama tu, mbona wasizichezee? Akaandika mawazo yake, na kesho yake akayapanga katika kurasa nne. Yeye na mafundi wenziwe wawili, Bill Harrison na Bill Rusch, wakaunda mtambo, na mwaka wa 1967 wakapata mchezo wa mpira wa meza. Mtambo huo ulitoka madukani mwaka wa 1972, ukiitwa Magnavox Odyssey. Haukuwa na sauti, wala haukuhesabu alama. Wachezaji walibandika karatasi za plastiki zenye picha juu ya kioo ili kupata uwanja. Lakini vizungushio vilikuwapo. Bwana Baer alifariki mwaka wa 2014 akiwa na miaka 92.

Wa tatu ni kijana Allan Alcorn. Mwaka wa 1972, akiwa na miaka 24, aliajiriwa na kampuni changa ya Atari huko California. Bwana wake, Nolan Bushnell, ambaye alikuwa ameiona Odyssey ikionyeshwa, alimpa kazi ya majaribio tu, mchezo rahisi wa mpira wa meza. Alcorn akautengeneza vizuri kupita alivyoombwa. Aligawa kibao katika sehemu nane, ili mpira ukigonga kati urudi wima, ukigonga pembeni utoke kwa mshazari. Akaufanya mpira uongeze mwendo kadiri unavyopigwa. Wakauita Pong, wakauweka katika baa moja ya mji wa Sunnyvale ili kuujaribu. Baada ya siku chache mwenye baa alipiga simu kwamba mashine imekufa. Alcorn alipoifungua, alikuta haikufa. Ilikuwa imeshiba sarafu mpaka zikafurika. Wenye Odyssey waliishtaki Atari, na mwaka wa 1976 wakapatana, Atari wakakubali kulipa. Mtambo wetu wa stoo ni mjukuu wa mchezo huo. Aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka wa 1977, na kumbukumbu yake ya kazi yaweza kushika herufi 128 tu, pungufu ya ujumbe mmoja wa simu.

Lipo jambo jingine juu ya Pong. Kwa sababu ya kasoro katika nyaya, vibao havikuweza kufika juu kabisa ya kioo. Ulibaki upenyo mdogo. Alcorn angeweza kuirekebisha, lakini aliiacha, kwani aliona kwamba bila upenyo ule wachezaji wawili hodari wangecheza bila mwisho. Kasoro ndiyo iliyoufanya mchezo uwe mchezo. Nilipowasimulia hayo, mwanangu alisema bila kufikiri, "Kama mkono wa Babu." Mimi nilishtuka, nikataka kumkemea. Baba alicheka. Tangu kiharusi kile, nalikuwa sijamsikia akicheka.

Kaseti ya pili ni ya kuvunja ukuta, yaitwa Breakout. Zipo safu sita za matofali ya rangi juu, na wewe una kibao chini na mipira mitano, basi, ukiikosa, umekwisha. Ya tatu yaitwa Kaboom, ya mwaka wa 1981. Juu ya ukuta anatembea mtu mbaya mwenye nguo za mfungwa, aangusha mabomu, nawe chini wayadaka kwa ndoo za maji. Una ndoo tatu. Bomu moja likikupita, ndoo moja yapotea, na yule mtu atabasamu. Baba hawezi kulivumilia tabasamu lile. "Anacheka, mshenzi huyu!" husema, na kuanza upya. Kasi ya mabomu ikizidi, vidole vinavyosukuma fimbo havitoshi. Ni kizungushio tu kinachoweza kwenda mwendo ule na kusimama papo hapo. Nafikiri ndiyo sababu michezo hii haikufaa kuhamishwa kwenye vitufe, na ilipofika miaka ya 1980 fimbo na vitufe vilipotawala, ikapungua madukani.

Lakini nisiwafanye mfikiri kwamba yote yalikuwa asali. Mtoto alianza kuamka usiku kucheza peke yake, na siku moja mwalimu wake alinirudishia daftari lisilo na kazi ya nyumbani. Mama watoto alitaka mtambo urudi stoo siku ileile, na haki alikuwa nayo. Baba ndiye aliyetoa amri. Alisema vile vizungushio viwili vimeunganishwa kwa waya mmoja, na waya mmoja huchomekwa mahali pamoja. Basi maana yake ni kwamba wacheze wawili, na asiyekuwa na mwenzake asiwashe. Tena baada ya daftari, si kabla. Amri hiyo imefuatwa mpaka leo. Nimeiona hekima yake: mchezo wa simu humpeleka mtoto mbali na aliye karibu naye, lakini waya ule ni mfupi, wakulazimisha ukae bega kwa bega.

Zile siku kumi na mbili zilitimia. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipokuja, Baba alikuwapo kibandani. Alitembea kwa fimbo yake kutoka nyumbani, na mjukuu akimchukulia kiti. Aliamuru magunia yamwagwe chini. Akatazama kitu kimoja kimoja. Hiki kiende, hiki kibaki. Gunia moja liliondoka, na fedha akapokea yeye mwenyewe. Vyombo vilivyobaki vilirudi mezani. Kisha akamwita yule wakala, wakakubaliana kibanda kigawanywe kwa mbao: mbele wakala, nyuma meza ya fundi. Kodi tunayopata ni pungufu ya ile niliyopatana, na mwezi wa kwanza ilitubana kweli, hata nikakopa dawa. Sijuti.

Siku ya Jumamosi mwanangu na rafiki zake wawili huenda nyuma ya mbao zile. Watu huleta redio, feni na taa za sola. Babu huketi na kusema, wao hufungua na kufunga. Mkono wa kulia ungali vilevile, wala sidai kwamba mchezo ni dawa. Mazoezi aliyoagizwa hospitali ndiyo anayoyafanya sasa asubuhi, ambayo zamani aliyakataa. Siku hizi anakula nasi mezani. Mchuzi humwagika kidogo, na hakuna anayetazama.

Wahenga husema mkono mmoja haulei mwana. Ni kweli, na nyumbani kwetu wapo wengi wa kusaidiana. Lakini nimejifunza kwamba mkono mmoja waweza kumfundisha mwana, ukipewa kitu cha kushika. Basi wewe msomaji mwenye mzee nyumbani, sikuambii utafute mtambo wa zamani. Adimu ni adimu, na spiriti ya zahanati si ya mchezo. Nakuomba mawili tu. La kwanza, tafuta ni kitu gani ambacho vidole vyake bado vinakijua, ukimwekee karibu na mjukuu wake. La pili, usitie mali yake guniani kabla hujamwambia.

Paroko ameuliza mtambo utarudi lini kwa watoto wa parokia. Tumekubaliana kwamba watoto waje nyumbani kwetu, wawili wawili, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, na mwalimu wao atakuwa Baba. Jana usiku nilijaribu kumshinda kabla hajapata wanafunzi wengi. Alinifunga 21 kwa 9.